Ulinganisho: mfupa wa nyonga au mfupa uliohifadhiwa, kwa mkono usiounga?

Binti Pangani:
Mama yangu ana miaka 61. Alivunjika mfupa wa mkono kati ya bega na kiwiko, akafungwa hogo, na huu ni mwezi wa 10 mkono bado unacheza palipovunjika. Daktari anataka kuufunga bamba la chuma na kupandikiza mfupa, ama uliochotwa nyongani mwake mwenyewe, ama uliohifadhiwa kutoka kwa mtu aliyefariki. Naomba ushauri.

Muuguzi Mstaafu:
Pole sana, mwanangu. Mfupa wa nyonga huja na chembe hai zinazojenga mfupa mpya, ila unaacha kidonda cha pili, na wodini nimewauguza waliolalamikia nyonga kuliko mkono. Ule uliohifadhiwa huepusha maumivu hayo, lakini chembe zake zimekwisha kufa, hivyo unabaki kuwa kiunzi tu ambacho mfupa wa mgonjwa hukitambalia polepole. Kwa mkono uliokaa miezi 10, mimi ningechagua nyonga.

Msafiri wa Mwanza:
Shikamoo, mama. Naongeza kwamba picha ya eksirei itazamwe kwanza. Ncha za mfupa zikiwa zimenenepa, uhai upo na kinachokosekana ni utulivu, kwa hiyo bamba linalobana vizuri huweza kutosha bila kupandikiza chochote. Zikiwa zimesinyaa, hapo ndipo pandikizi linapohitajika kweli. Pengo likizidi sentimita 6 hivi, huenda ukahitajika mfupa mwembamba wa mguuni, uhamishwe pamoja na mishipa yake ya damu.

Mama Rehema:
Mume wangu alipandikizwa na mfupa haukuunga, kwa kuwa kulikuwa na maambukizi yaliyojificha ambayo hayakupimwa. Tafadhali dada, sisitiza yapimwe kabla, pamoja na kisukari, na kama anavuta sigara aache. Uliza pia kuhusu neva inayozunguka mfupa huo kwa nyuma, maana ikijeruhiwa kiganja hulegea na hakiinuki.

Binti Pangani:
Ahsanteni sana. Leo daktari ametuonyesha picha: ncha zimesinyaa, pengo ni dogo, na vipimo vya maambukizi vimechukuliwa. Tumekubaliana na nyonga. Mama ameomba achotwe upande wa kushoto, kwa sababu hulalia ubavu wa kulia.