Mjadala: Kiwanja cha pwani kichunguzwe kabla ya kuomba kibali, au tungoje vitu vya kale vionekane?

Wadau, kuna hoja inayorudi kila tukizungumzia ujenzi mwambao wa Kenya: kumtaka mtu achunguzishe kiwanja kabla ya kuomba kibali ni kumwongezea gharama bure, kwani vitu vya kale vikionekana, kazi itasimama na Makumbusho ya Taifa wataitwa. Naipinga.

Nani atasimamisha? Tingatinga hukodishwa kwa saa, na mwenye mradi ana mkopo benki. Hakuna atakayeshuka kuangalia vigae vya vyungu vya kale.

Tena wengi wa wazee wetu hawakukaa nyumba za mawe. Walijenga kwa miti na udongo, na kilichobaki ni madoa meusi ya nguzo, shanga, na mabonge ya udongo ulioungua yenye alama za fito. Kule Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba miaka ya 1980 chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe, akakuta mashimo ya nguzo za misikiti ya miti iliyoutangulia, wa mwanzo ukiwa wa karne ya 8. Ushahidi mzito namna hiyo wa Uislamu pwani yetu ulikuwa madoa mchangani! Tingatinga lingeyafuta asubuhi moja, na dereva asijue.

Uingereza nako walichelewa. Mwaka 1989 mabaki ya ukumbi wa Rose, ambako tamthilia za Shakespeare zilichezwa, yalifukuliwa London wakati jengo la ofisi limeshapata kibali. Wasanii wakaandamana, michoro ikabidi ibadilishwe. Mwaka uliofuata serikali ikatoa mwongozo kwamba athari kwa mambo ya kale zijulikane kabla kibali hakijaamuliwa.

Kuhusu gharama, nawaelewa. Lakini hatua ya kwanza ni kusoma ramani za zamani na picha za angani, kuuliza wazee na kukitembea kiwanja. Mashimo ya majaribio, ya mita moja kwa mita moja, yanafuata dalili zikiwepo tu. Mwenye hoteli alipe. Mama anayejenga vyumba viwili Mtwapa asidaiwe hata shilingi. Kaunti na Makumbusho wabebe.

Ndugu zangu wa Lamu, Malindi na Kilifi, kigezo cha kuchunguza kiwanja kiwe ukubwa wa mradi au umbali kutoka magofu ya kale? Mimi nasema umbali, maana hata msingi wa nyumba ndogo unaweza kukata kaburi.