Muuza mbegu wa Tanga mjini kaniuzia mahindi ya milimani nikapande Muheza, masika yangu yamekwenda bure

Wakuu shikamooni. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe nikipandisha sauti.

Nina ekari mbili za kukodi upande wa Muheza, kule chini kwenye joto, siyo Amani kule milimani. Kijiji sikitaji na duka silitaji, sijaja kutafuta kesi. Ila mjue tu kwamba duka lipo Tanga mjini na aliyenihudumia alijua shamba langu liko wapi. Nilimwambia kwa mdomo wangu: "Kaka, ndiyo mara yangu ya kwanza kulima, shamba liko Muheza, nipe mbegu inayofaa huko." Akashusha mifuko kumi ya kilo mbili, mbegu chotara, akaipanga juu ya kaunta. "Mama, hii ndiyo inayozaa, watu wanatoa gunia 30 kwa ekari." Mfuko mmoja 15,000. Nikahesabu 150,000 nikampa. Hakuniuliza kitu kingine chochote.

Hela ile ni ya kikoba. Mimi nauza vitafunwa asubuhi, watoto watatu wananitegemea, na nilikopa nikiwaahidi wanawake wenzangu kwamba nikivuna narudisha. Kodi ya shamba 100,000, trekta kulima na kupiga haro 200,000, mbegu hizo 150,000, mbolea ya kupandia DAP mifuko miwili 150,000, mbolea ya kukuzia urea mifuko miwili 140,000, vibarua wa kupanda 80,000, palizi mbili 160,000, dawa na mtu wa kupuliza 95,000. Jumla 1,075,000. Nimevuna gunia 5 na debe 2. Siyo kwa ekari. Kwa ekari zote mbili.

Sasa kuna watu najua watakuja kusema "mwanzo mgumu" na "hukufuata kanuni". Nilifuata. Nilifunga vifundo kwenye kamba nikapima sentimita 75 mstari kwa mstari na 30 shina kwa shina, mbegu moja kila shimo. Nilishinda shambani siku mbili za kupanda, sikumwachia mtu. Kosa langu ninalolikubali ni moja: siku ya kwanza vibarua waliweka DAP na mbegu kwenye shimo bila kuvitenganisha kwa udongo, nikachelewa kuona. Mbolea ile ikigusana na mbegu inaiunguza, na kweli mistari kama kumi hivi ilitoka na mapengo. Siku ya pili tuliweka mbolea kwanza, udongo kidogo juu yake, ndipo mbegu, na upande ule uliota vizuri sana. Kwa hiyo nakataa kuambiwa ni mbolea. Mistari kumi haimalizi ekari mbili.

Wiki ya tatu viwavijeshi vamizi wakaingia. Hawa walifika Tanzania mwaka 2017 kutoka Amerika na hawajaondoka, kila mkulima anawajua, isipokuwa mimi. Niliona majani yana madirisha madirisha, na ndani ya moyo wa mhindi kuna uchafu kama unga wa mbao wa kwenye msumeno. Nikarudi dukani, nikauziwa dawa, na niliyempa kazi akapuliza saa sita mchana jua likiwa utosini. Kumbe mchana wadudu wako ndani wamejificha, unatakiwa upulize jioni na bomba lielekee kwenye moyo wenyewe. Hilo nalo sikuambiwa na aliyeniuzia chupa. Tulirudia jioni tukawapunguza. Nikadhani nimevuka.

Wiki ya tano hivi majani yakaanza kuonyesha mistari myeupe na ya njano, myembamba, mirefu, imenyooka kutoka chini ya jani mpaka nchani. Mwanzo nikadhani ni njaa ya mbolea, nikawahi kuweka urea. Mistari haikuondoka. Mashina yakadumaa, mengine yakaishia kiunoni kwangu wakati ya jirani yamempita mtu.

Jirani huyo ni mzee wa Kibondei, amelima pale toka ujana wake. Akaja akainama, akashika jani, akaliangalia muda mrefu. "Mwanangu, hii milia. Umepanda mbegu gani?" Nikampa pakiti. Akaniambia nimsomee, macho yake hayaoni maandishi madogo. Nikasoma kwa sauti, na ndipo nilipojua. Imeandikwa kabisa: ukanda wa juu, mita 1,200 hadi 2,000 kutoka usawa wa bahari. Shamba langu halifiki mita 300! Mzee akarudisha pakiti mkononi mwangu, akasema, "Hii ya Lushoto, siyo ya huku. Huku sisi tunapanda Staha." Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na naomba mnielewe. Mkoa wetu una vitu viwili ndani yake. Lushoto iko kwenye mita kama 1,400, watu wanavaa masweta. Muheza, Pangani, Mkinga na huku Tanga mjini ni joto na chumvi ya bahari. Duka moja la mjini linauza mbegu za pande zote mbili kwenye rafu moja, na ni haki yake. Lakini basi swali la kwanza kumuuliza mteja ni "unapanda wapi?" Mimi hata sikusubiri kuulizwa, nilisema mwenyewe. Mtu anauza dawa za binadamu bila kuuliza mgonjwa ni mtoto au mtu mzima tutamwitaje?

Milia ni ugonjwa wa virusi, unaambukizwa na vidudu vidogo vinavyorukaruka kama panzi wachanga, na hauna dawa ya kupuliza. Kinga yake ni kupanda mapema na kupanda mbegu inayouvumilia. TMV 1 na Staha zilitengenezwa kwa kazi hiyohiyo, kwa ukanda huu wa chini, na ni mbegu za wazi, yaani unaweza kuchagua mahindi uliyovuna ukapanda tena, siyo chotara, bei yake iko chini. Kwa hiyo niliuziwa ya bei ya juu ambayo haina kinga, wakati ya bei nafuu yenye kinga ilikuwepo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano kipo Ngomeni, Muheza hiyohiyo, na mimi nilipita barabarani na pikipiki iliyobeba mbegu za milimani.

Nilirudi dukani na pakiti tupu. Yule kaka akaniangalia akasema, "Mama, mbegu ni mbegu. Mvua ndiyo imekuangusha." Mvua! Mvua hiyohiyo imemnyeshea mzee wa pembeni, mpaka wetu ni mstari wa minanasi, na yeye amevuna gunia 9 ekari moja, tena mbolea hakuweka ya kutosha. Nilipotaka kuongea na mwenye duka nikaambiwa kasafiri. Nimekwenda mara tatu, kasafiri.

Na hizi gunia 30 mnazoandikiana kila siku, jamani, acheni. Nimekaa na kalamu. Nafasi ya 75 kwa 30 inakupa karibu mashina 18,000 kwa ekari. Kila shina likikupa hindi moja lenye punje za gramu 150, hizo ni kilo 2,700, gunia 27 za kilo mia. Hapo hakuna shimo lililokosa kuota, hakuna kiwavi, hakuna milia, hakuna ngedere wala nguruwe. Mkulima wa kawaida nchini anazunguka kwenye gunia 6 au 7 kwa ekari. Anayemwambia mgeni wa kilimo gunia 30 bila kumwambia ni wapi, mbegu gani na mbolea kiasi gani, anamsukuma kwenye mkopo. Mimi nilipiga hesabu ya marejesho kwa gunia 20, nikajiona nimekuwa mwangalifu.

Afisa ugani nilimpigia simu mara nne. Mara ya mwisho alisema nimtumie hela ya mafuta ya pikipiki. Nilikuwa nimeishiwa, nikanyamaza.

Ninachotaka ni hela yangu ya mbegu, 150,000, kwa kuanzia. Pakiti ninazo zote kumi na lebo zake, risiti ninayo. Kama kuna mtu humu amewahi kupeleka shauri la namna hii kwa afisa kilimo wa wilaya akasikilizwa, aniambie alianzia wapi.

NYONGEZA: Kuna mkuu ameuliza kama mbegu ilikuwa feki. Hapana, na ndiyo maana naumia. Lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, ipo, nilikwangua namba nikahakiki, ni mbegu halali. Ukiipeleka Lushoto itazaa.

NYONGEZA 2: Dada aliyeuliza kuhusu vuli, ndiyo, narudi, shamba nimelipia mwaka mzima. Mvua za Oktoba ni chache kuliko masika kwa hiyo nataka ya muda mfupi au hiyo Staha, na nitalima ekari moja tu. Mzee ameniahidi kunionyesha anakonunua yeye. Mwenye mbegu ya ukanda wa chini iliyothibitishwa, Muheza au Korogwe, aandike hapa mfuko wa kilo mbili anauza bei gani.