Naomba ushauri: nichague vipi mitamba ya nguruwe (majike machanga ambayo hayajazaa) ya kubakiza kwa uzazi?

Ndugu wafugaji, salaam kutoka Tukuyu. Nina majike 6, Large White waliochanganyika na Landrace. Mmoja amezaa mara 3: vitoto 12, 13, kisha 12, na karibu wote wakafika kuachishwa kunyonya. Mwenzake, banda lilelile, pumba na mashudu yaleyale, hajawahi kuvuka 8. Nataka kubakiza mabinti wa yule wa kwanza.

Shida ni kwamba idadi ya vitoto hurithiwa kidogo tu, kama asilimia 10. Sehemu kubwa ni lishe, umri na kupandisha kwa wakati. Chuchu zinarithiwa zaidi, kwa hiyo nimeweka sharti la 14 zilizo nzima. Je, nisubiri kila binti azae mara 2 ndipo niamue, au rekodi za mama na ndugu zake zinatosha?

Halafu dume. Niliyenaye ndiye baba yao, siwezi kumpandisha kwa watoto wake. Kuleta mgeni bandani naogopa homa ya nguruwe, haina tiba na inamaliza zizi zima. Kuna aliyepata mbegu za uhimilishaji (kupandisha kwa mrija bila dume) huku Mbeya au Iringa? Mabinti wana miezi 5, nataka wapandishwe wakifika 8.