Kumbe White House Down ilibuma? Wajuzi wa muvi naomba mnieleweshe kuhusu ile 2013

Mbagala_Rangi3
Wakuu habari zenu. Jana nilikuwa nabishana na dogo mmoja hapa kijiweni, mimi nikasema White House Down ni moja ya picha kali nilizowahi kuangalia maishani, dogo akacheka mpaka akakohoa, eti bro hiyo ilibuma walioitengeneza walikula za uso. Nikajua ananitania. Nimerudi home nikachungulia mtandaoni nakuta kweli aisee, bajeti dola milioni 150 na kwao Marekani iliingiza kama milioni 73 tu, dunia nzima ndo ikafika 205.

Sasa mimi hiyo nimeiona kibanda umiza mwanzoni mwa 2014, kiingilio shilingi 300, tumebanana wengine wamekalia ndoo, ile sehemu rais mwenyewe anatokeza kwenye dirisha la gari na roketi begani kibanda kizima kilisimama, kuna mzee alimwagia watu kahawa na hakuna aliyelalamika. Hiyo ndo mnaniambia imebuma?

Nikaendelea kuchimba nakuta ule mwaka kiangazi chao chote ni misiba tu, After Earth ipo, R.I.P.D. ipo, Lone Ranger ipo, hadi Pacific Rim watu wanainyooshea kidole. Hizo zote ni picha nilizokulia!! Maswali yangu mawili, kwanza kilitokea nini 2013, pili mbona 205 ukitoa 150 inabaki 55, hiyo si faida jamani au mimi hesabu nilikimbia?

ProjektaMbovu
Mkuu hesabu hukukimbia, ila umesahau wenye ukumbi. Ile hela inayotangazwa ni ya tiketi zote, hapo jumba la sinema linakata chake, kwa Marekani chukulia kama nusu, nchi za nje mara nyingi wanakata zaidi, China ndo usiseme, studio ya nje inaambulia kama robo. Halafu ile bajeti ya 150 ni ya kutengenezea tu, matangazo ni fungu jingine na kwa picha kubwa fungu lenyewe linatisha. Ndo maana watu wa hiyo biashara wanakwambia picha ikiwa haijaingiza angalau mara mbili ya bajeti, na saa nyingine mbili na nusu, ujue kuna mtu ofisini hapokei simu. Sasa rudi kwenye 205 yako ukatwe nusu uone kama hiyo 150 inarudi.

Kilichoiua White House Down wala sio ubovu. Iliwahiwa. Mwezi wa 3 mwaka huohuo ilitoka Olympus Has Fallen, stori ileile, magaidi wanateka Ikulu, steringi mmoja anabaki ndani kumwokoa rais. Hiyo ilitengenezwa kwa dola milioni 70, chini ya nusu ya mwenzake, na Marekani peke yake ikaingiza karibu 99. Hawa wa White House Down, kina Channing Tatum na Jamie Foxx, wakaja tarehe 28 Juni, watu washakula washashiba, ikaonekana kama ugali wa jana umepashwa. Na angalia nani kaendelea, Gerard Butler, steringi wa Olympus, kapewa London Has Fallen 2016, kapewa Angel Has Fallen 2019. Tatum hakurudi Ikulu.

sweta_la_njombe
Mi nawacheka mnavyosema kiangazi, Juni na Julai huku Njombe natype nimevaa soksi mbili 😂😂 endeleeni wakuu

Mbagala_Rangi3
@ProjektaMbovu daah kumbe. Sisi kibandani Olympus ndo tuliiona baadae, tukasema hawa wameiga. Kibanda chetu kilikuwa kinategemea CD ipi imefika Kariakoo kwanza, na nyingine zilirekodiwa na kamera ukumbini, unaona kabisa kichwa cha mtu kinapita kwenda chooni.

Bi_Rekodi
Jamani Lone Ranger msiipite hivihivi maana hiyo ndo jeneza lenyewe.

Pale kulikuwa na timu ileile iliyowaletea Pirates of the Caribbean, Johnny Depp, muongozaji Gore Verbinski, na Bruckheimer mwenye mikoba ya uzalishaji, kwa hiyo Disney wakaona hapa tunachota tu. Shida picha ni ya makauboi, na kauboi nje ya Marekani hauziki kirahisi, halafu mhusika mwenyewe alikuwa maarufu kwenye redio enzi za mababu zao, kijana wa miaka 15 hamjui anakotokea wala anakokwenda. Disney wenyewe walishashtuka mapema, mwaka 2011 waliusimamisha mradi kwasababu bajeti ilikuwa inapaa, wakasema punguzeni kwanza, ikapunguzwa, ikarudi, na bado mwishoni ikavuka milioni 200 kwa mbali. Na kumbuka 2012 walikuwa wameshapigwa na John Carter, walitangaza hadharani hasara ya karibu milioni 200, mtu mwingine angejifunza ila wapi.

Basi ikatoka tarehe 3 Julai 2013. Siku hiyohiyo ikatoka Despicable Me 2. Zile katuni za njano zilizotengenezwa kwa milioni 76 ziliingiza zaidi ya milioni 80 kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili, Lone Ranger ikapata 29. Ishirini na tisa! Mwisho wa safari Despicable ina milioni 970 duniani, Lone Ranger 260, na Agosti Disney wakasimama mbele ya wawekezaji wakasema tutegemee hasara ya milioni 160 mpaka 190.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba mwezi mmoja kabla, Juni, muongozaji Steven Spielberg alikuwa kwenye shughuli pale chuo cha USC Los Angeles, yuko na muongozaji mwenzake George Lucas, akasema itafika siku picha tatu nne au hata sita za bajeti nene zitaanguka kwa mpigo na hapo biashara yote itabadilika. Watu wakaona mzee analalamika. Haukupita mwezi zikaanza kudondoka kama maembe.

Kadzo wa Kilifi
Dadangu nakuunga mkono nusu. Zilianguka ndio lakini biashara haikubadilika hata kidogo. Wajua ule msimu wote ukijumlisha Marekani uliingiza zaidi ya bilioni 4.7, wakati huo ilikuwa rekodi!! Iron Man 3 pekee yake ilipita bilioni 1.2 dunia nzima, Fast 6 milioni 788. Kwa hio pesa ilikuwepo na watu walienda, ila picha kubwa zilikuwa zimerundikwa kila wiki mbili tatu, mtu ana mfuko mmoja na wikendi moja, lazima achague.

Na wenye akili ni wale wa bei ndogo bana. The Purge ilitengenezwa kwa milioni 3 ikaleta 89. The Conjuring milioni 20 ikaleta 319, na ilitoka siku moja na hio R.I.P.D. unayoililia, ambayo ilikula 130 ikarudisha 78 dunia nzima, hata kabla hujakata ya ukumbi. Nyumba moja, mashetani, giza, mlango unajifunga. Umeme tu ndio gharama 😅

After Earth nayo usinilaumu, tuliingia ukumbini Mombasa watu sita na wawili wakalala. Will Smith unamlipia umuone akipigana na akichekesha, wewe unamkalisha kitini mguu umevunjika anamuongelesha mwanawe kwa redio picha nzima.

ProjektaMbovu
Hahaha hiyo ya kitini kweli kabisa. Wikendi ile After Earth ilipitwa hata na Now You See Me, picha ya wacheza kiinimacho ambayo hakuna aliyekuwa anaihesabu.

Ila Kadzo mbona World War Z umeiruka? Hiyo wote waliichimbia kaburi mapema, mwisho mzima wa picha ulitupwa ukaandikwa upya wakarudi kurekodi tena, bajeti ikafika kama 190, magazeti yao yakawa yanaandika tanzia tu. Ikatoka Juni ikapiga milioni 540. Kwa hiyo sio kila aliyetumia hela nyingi alizama, mimi naona bado suala ni kuwahiwa na kupishana na wenzako.

Mbagala_Rangi3
Sawa nimeelewa, ila Pacific Rim sikubali. Ile roboti inaburuza meli kama rungu inampiga nayo yule dude, mnaniambia nayo ilibuma? Na aliyetafsiri ile CD yetu alikuwa anayapa maroboti majina ya mabasi ya mkoani, tulikufa kwa kucheka.

Bi_Rekodi
Pacific Rim ni kesi ya katikati mdogo wangu. Bajeti 190, Marekani ikapata milioni 101 na kitu, huko ndo walisema imebuma. Wachina wakaipenda, wakaingiza kama 112, yaani China ilimpita mwenye nyumba, jambo ambalo kipindi kile halikuwa la kawaida. Jumla 411. Na hao Wachina ndo sababu kubwa ya 2018 kuletwa ya pili. Kwa hiyo wewe na kibanda chako mlikuwa mnaona walichokiona China, hamkukosea.

Ila hiyo ya pili usiitafute.

Mbagala_Rangi3
Nishaiona dada 😭 hata mtafsiri alinyamaza katikati.