Kunakili kazi za mabingwa, uanagenzi, au kukosolewa: ipi inamfaa mbunifu anayeanza?

NuktaYaKwanza
Ndugu wanajukwaa, programu za kuchorea sasa ninazimudu, lakini ninatambua kwamba kumudu programu si kujua kubuni. Ninataka kujifunza kutoka kwa wabunifu waliobobea, na ninaona njia tatu: kuchambua na kunakili kazi za mabingwa, kuwa mwanagenzi katika studio, hata kwa ujira mdogo, au kuendelea na kazi zangu na kumwomba mbunifu mkongwe azikosoe. Bado sijaamua iwapo nitaegemea michoro au bidhaa. Naomba mnilinganishie kile hasa ambacho kila njia hufundisha.

KalamuNaGridi
Mimi ni mbunifu wa michoro, na ninaitetea njia ya kwanza, ingawa kwa masharti. Ukilichora upya bango la bingwa kuanzia gridi yake (mistari fiche ya kupangia vitu), nafasi baina ya herufi na uwiano wa ukubwa wa maandishi, utagundua maamuzi mengi ambayo kulitazama tu kusingekuonyesha. Tatizo ni kwamba kazi iliyokamilika huficha sababu zake. Ramani ya reli ya chini ya ardhi ya London iliyobuniwa na Harry Beck, ambayo abiria walianza kuipata mwaka 1933, iliacha umbali halisi na kunyoosha njia zote ziwe wima, mlalo au za mshazari, na ikapendwa. Massimo Vignelli alifuata mantiki inayofanana na hiyo katika ramani ya treni za chini ya ardhi za New York ya mwaka 1972, kazi ambayo wabunifu wanaisifu mpaka leo, lakini abiria wengi walilalamika kwamba bustani ya Central Park imechorwa kama mraba ilhali wanaijua kuwa ndefu, na mwaka 1979 ramani hiyo ikabadilishwa. Mwenye kunakili ramani hizo mbili atajifunza mistari. Hatajifunza kwamba abiria wa mji mmoja wanaweza kukubali kile ambacho wa mji mwingine wanakikataa.

FundiWaUmbo
Nakubaliana na mwenzangu, na kwa upande wa bidhaa ningesema hata zaidi: huku kunakili hufundisha kidogo sana, kwa kuwa umbo unaloliona dukani ni mabaki ya majaribio mengi yaliyotupwa. James Dyson alitengeneza modeli 5,127 za majaribio kabla ya kuridhika na mashine yake ya kufyonza vumbi isiyotumia mfuko. Au tazama visu vya kumenyea vya OXO vilivyotoka mwaka 1990, vyenye mipini minene na laini. Chanzo chake ni Sam Farber, mwanzilishi wa OXO, kumwona mkewe Betsey, aliyekuwa na baridi yabisi mikononi, akipata shida kumenya. Walioiga bidhaa hiyo mara nyingi waliiga ule mpira mweusi, wala hawakuuliza ni mkono wa nani utakaoushika mpini.

Mwanagenzi hukaa mahali ambapo maamuzi hayo yanafanyika. Anamsikia mtengenezaji wa kalibu akieleza kwa nini kona fulani haiwezi kutoka ikiwa kali kiasi hicho, anaona gharama ya malighafi ikibadili mchoro uliokwisha kupitishwa, na anajifunza kuacha wazo analolipenda bila kununa. Sikatai kwamba kuna uanagenzi mbovu, ambao kijana hupewa kazi ya kupanga mafaili na kurekebisha rangi tu mpaka anachoka. Tena, ukikaa mno chini ya mtu mmoja, ladha yake huwa ladha yako bila wewe kujua.

MshonaHerufi
Naona mmemsahau mteja. Mwaka 1986 Paul Rand alibuni nembo ya kampuni ya kompyuta ya NeXT kwa malipo ya dola 100,000. Steve Jobs, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alipomwomba amletee chaguo kadhaa, Rand alikataa, akawasilisha nembo moja pamoja na kijitabu kilichoeleza hatua kwa hatua jinsi alivyoifikia. Anayeanza asiige msimamo huo, kwani ataonyeshwa mlango. Aige kile kijitabu, yaani uwezo wa kueleza uamuzi kwa mtu asiye mbunifu. Hilo hulipati kwa kunakili, na hata mwanagenzi halipati iwapo haingii kwenye vikao vya wateja.

KalamuNaGridi
Ni kweli. Hata hivyo, kuna unakili wenye faida zaidi: kunakili mipaka badala ya sura. Susan Kare alichora aikoni za kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 katika viraba 32 kwa 32, kwa nyeusi na nyeupe pekee. Jiwekee mipaka hiyo, uchore aikoni zako mwenyewe, kisha uzilinganishe na zake.

RasimuYaTatu
Nitetee njia ya tatu, ambayo naona inadharauliwa. Ubora wa ukosoaji hutegemea swali. Ukiuliza "Je, inapendeza?" utajibiwa "Ndiyo", na mtaachana hapo. Ukimtumia mkongwe kazi pamoja na maelezo ya nani ataitumia, ulibanwa na nini, na rasimu mbili ulizoziacha na sababu za kuziacha, atakujibu kama mbunifu mwenzake. Udhaifu wake ni kwamba mkosoaji huja baada ya maamuzi makubwa kufanyika. Kwa hiyo mpelekee rasimu ikiwa bado mbichi.

NuktaYaKwanza
Ninawashukuru nyote. Nitaanza na zoezi la mipaka huku nikitafuta studio, na nitawatumia wakongwe rasimu badala ya kazi zilizokamilika. Swali moja limebaki: nitaitambuaje studio inayofundisha kabla sijajifunga nayo?

FundiWaUmbo
Wakati wa usaili, omba uonyeshwe rasimu zilizokataliwa za kazi moja ya zamani; chagua ya zamani, kwa kuwa kazi zinazoendelea huenda zikawa siri ya mteja. Uliza ni nani aliyezikataa na kwa sababu gani. Vilevile uliza waziwazi iwapo wanagenzi huhudhuria vikao vya wateja na majaribio ya watumiaji. Ikiwa hakuna anayeweza kukujibu, endelea kutafuta, hata kama kazi zilizotundikwa ukutani zinakuvutia.