Daftari la mali za viongozi: lifunguliwe au libaki kabatini?

Mtoa mada, Nkuhungu
Wakuu, salaam. Kila Desemba wabunge, madiwani na wakubwa wengine wanakimbizana kujaza tamko la mali na madeni kabla ya tarehe 31. Sheria ya Maadili ya mwaka 1995 ndiyo inayowabana. Tamko linakwenda Sekretarieti ya Maadili, na likishaingia huko sisi wapiga kura hatulioni tena.

Mimi nasema ukurasa wa ardhi, nyumba na kampuni uwe wazi kwa yeyote. Naanza na ardhi kwa sababu Dodoma fedha ikikaa vibaya hugeuka kiwanja, hasa tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku 2016. Nenda Iyumbu au Nala. Jirani anajua ukuta upi ulipanda lini, na nani huja kulipa mafundi Jumamosi. Mkaguzi mwenye fomu mezani atayajulia wapi hayo?

Wakili wa Kisasa
Mkuu, kidogo umekosea. Sheria inamruhusu mwananchi kukagua daftari. Sharti uwe umeshapeleka malalamiko dhidi ya kiongozi huyo, na Kamishna wa Maadili, mkuu wa Sekretarieti, aridhike kwamba ni ya nia njema.

Mtoa mada
Ahsante wakili, ila umenipa hoja. Nilalamike kwanza ndipo nione kama kuna cha kulalamikia? Na Kamishna mwenyewe ni mteule wa Rais.

Diwani mstaafu, Chamwino
Vijana, mnaongea kama kila diwani ana ghorofa. Mimi nilijaza fomu ile kwa haki ya Mungu: ng'ombe, mashine ya kukoboa, deni la benki. Ingebandikwa ukutani, kesho yake ningekuwa na foleni ya kadi za michango, na usiku wageni wenye mapanga. Tena ng'ombe unaoandika Desemba, mvua zikigoma, Machi hawapo. Utaitwa mwongo na nani atakutetea?

Ninyi hamkuona Azimio la Arusha la 1967, lile la ujamaa. Kiongozi alikatazwa hata nyumba ya kupangisha. Masharti hayo chama kiliyalegeza kwenye kikao chake Zanzibar mwaka 1991, na tulioshangilia tulikuwa wengi.

Mtoa mada
Shikamoo mzee. Ng'ombe zako sijazigusa, wala akaunti ya benki. Nimesema ardhi, nyumba na kampuni. Na ng'ombe, samahani mzee, kijiji kizima huwa kinawahesabu wakirudi jioni.

Mnunuzi wa mahindi, Kibaigwa
Mnabishania kopo tupu. Fomu inataka mali yako, ya mwenzi wako na ya watoto wadogo. Shemeji hayumo. Kwa hiyo kiwanja kwa shemeji, lori kwa mpwa, kampuni kwa mtu aliyesoma naye. Kumbukeni Escrow, sakata la mabilioni yaliyochotwa kwenye akaunti ya Tegeta. Viongozi waliofikishwa Baraza la Maadili 2015 hawakukamatwa na fomu zao. Mambo yaliibuliwa na ukaguzi wa CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, na kelele za Bunge.

Mtoa mada
Hapo umenishika, sikatai. Fomu peke yake haimkamati mtu mjanja. Lakini shemeji naye ana majirani. Muuza karanga akiota ghorofa tatu Ihumwa, watu watauliza tu. Na ukurasa wa mheshimiwa ukiwa wazi na ghorofa haimo, angalau tutajua swali la pili tumuulize nani.

Diwani mstaafu, Chamwino
Marahaba. Sasa huyo wa karanga mnamjua au mnatunga?