Kifaa cha kuhesabu masaa ya madereva wa malori Marekani: kwa nini kimwangalie dereva peke yake?

Wadau hili naomba tulijadili bila ushabiki. Marekani malori mengi ya masafa marefu sasa hivi yana kifaa kimeunganishwa na injini, wenyewe wanakiita ELD, gari likianza kutembea tu kinaandika chenyewe muda na mahali, dereva hana ujanja. Kongresi ilipitisha sheria 2012, kanuni zikatoka Desemba 2015, na Desemba 2017 ndo ikaanza kuwa lazima. Kabla ya hapo mtu alikuwa anajaza kitabu kwa kalamu, na vile vitabu vilikuwa vinapikwa, hilo tusidanganyane, wengine walikuwa navyo viwili, cha ukweli na cha kumwonyesha askari.

Masaa yenyewe hayakuletwa na kifaa. Anayebeba mzigo anaruhusiwa kuendesha masaa 11, na uendeshaji wote uwe ndani ya masaa 14 tangu aanze kazi, baada ya hapo apumzike 10 mfululizo ndo arudi barabarani.

Wanaokitetea nawaelewa kabisa. Lori lililojaa linaruhusiwa kufika paundi 80,000, hiyo ni zaidi ya tani 36, sasa mtu anayesinzia na chuma kama hicho nyuma ya gari lenye watoto, nani anataka? Na bosi aliyezoea kusema "we tembea tu, kitabu utarekebisha" amebanwa. Hapo safi.

Shida yangu iko getini kwa mwenye mzigo. Chukua dereva ameanza kazi saa kumi na moja alfajiri, kaendesha masaa matatu, saa mbili asubuhi yuko ghalani kama miadi inavyosema. Anaambiwa paki pale subiri upigiwe simu. Simu inakuja saa nane mchana, mpaka anapakuliwa na kusainiwa makaratasi ni saa tisa. Yale masaa 14 yanaisha saa moja jioni, yaani kabaki na manne ya kuendesha wakati mwili wake ulikuwa bado unaweza, na analipwa kwa maili kwahiyo ile siku nzima ya kukaa getini mara nyingi ni bure au vijisenti. Af mlinzi anamwambia hapa hakulaliwi, toa gari. Jioni hiyo sehemu za kupaki malori zimejaa, saa inahesabu, niambieni huyo mtu atatembea spidi gani?

Kuna atakayeniambia mbona mapumziko yanagawanyika, tangu 2020 unaweza kulala masaa 7 kitandani nyuma ya kiti na mengine 3 ukayapumzika wakati mwingine, na yale masaa 14 yanasimama. Kweli ipo. Lakini lazima uachwe utulie, ukiitwa usogee mlangoni au ukasimamie mzigo unavyohesabiwa basi umerudi kazini, na wenye maghala wanaita wanavyojisikia.

Tena hili la spidi sijalitunga. Mwaka 2021 watafiti watatu, Scott, Balthrop na Miller, walichapisha utafiti wao kuhusu kanuni hii: makosa ya kuzidisha masaa yalipungua kweli, lakini ajali hawakuona zimepungua, na kwenye kampuni ndogo makosa ya uendeshaji hatari kama mwendo kasi yakapanda. Mimi sishangai. Umembana mtu muda, hujamgusa anayempotezea muda.

Kuhusu faragha sina mengi. Chama cha madereva wenye malori yao, OOIDA, kilishtaki, na 2011 mahakama ya rufaa kule Chicago ikaifuta kanuni ya awali kwa sababu serikali haikuonyesha itazuiaje kampuni kuwasumbua madereva kupitia hicho kifaa. Kanuni mpya ikaweka ulinzi, hata sauti ya kifaa inatakiwa inyamaze dereva akiwa kitandani, na 2016 mahakama hiyohiyo ikaipitisha.

Kwangu mimi kifaa kibaki. Ila kama kinajua lori lilifika ghalani saa mbili na kutoka saa tisa, kwa nini huo ushahidi unatumika kumpiga faini dereva na kampuni yake tu na hautumiki kumtoza aliyemweka? Weka muda fulani wa bure, ukizidi mwenye ghala alipie kila saa, uone kama milango haitafunguka. Ulaya nako wanapima masaa kwa mashine lakini kanuni yao ya 2006 inakataza kumlipa dereva kwa umbali kama malipo hayo yanahatarisha usalama barabarani. Marekani sheria ya kazi ya 1938 mpaka leo inawaacha madereva wengi wa malori yanayovuka majimbo nje ya malipo ya ovataimu, halafu tunashangaa wanakimbizana na saa.

Sasa wenye maghala na mnaosimamia usafirishaji njooni mtueleze kwa nini msilipie kuchelewesha watu. Na nyie mnaotaka turudi kwenye kalamu, semeni mtamzuiaje bosi anayetaka mzigo ufike kesho asubuhi hata dereva akiwa hajalala.